Kuchagua Vifaa vya Kutengenezea Upya Sehemu ya Ndani ya Cessna 172

KAPTENI: Karibuni, wasikilizaji. Leo tuko ndani ya Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne, ya miaka ya sabini, ambayo vibao vyake vya plastiki vimepasuka, kitambaa cha dari kimelegea na zulia limeoza. Fundi, mwenye ndege ameniletea sampuli tatu za rangi. Tuanze na ipi?

FUNDI: Rangi zisubiri kidogo, Kapteni, maana swali la kwanza ni jinsi kitambaa kinavyoungua. Wauzaji wa vifaa vya ndege hukipima kwa kukining'iniza wima na kukiwashia moto kwa sekunde 12. Moto ukishaondolewa, kinapaswa kujizima ndani ya sekunde 15, na sehemu iliyoungua isizidi inchi 8. Mwuzaji asiye na cheti cha kipimo hicho, mimi sinunui kwake hata uzi.

KAPTENI: Hata kama kitambaa chake ni kizuri na bei ni nusu?

FUNDI: Hasa bei ikiwa nusu. Tena cheti cha kitambaa peke yake hakitoshi, kwa sababu kitambaa kilichofaulu kinaweza kufeli kikishabandikwa juu ya sponji kwa gundi inayoshika moto. Sufi ina asili ya kutowaka kwa urahisi, lakini kitambaa kilichotiwa dawa ya kuzuia moto huweza kuipoteza dawa hiyo kinapofuliwa, na mwenye ndege asijue.

KAPTENI: Na hivi vibao? Nikikigusa kimoja tu kinavunjika mkononi kama kaukau.

FUNDI: Ni jua. Ndege inayolala nje huchomwa kupitia vioo mwaka baada ya mwaka, na plastiki ile ya zamani hukauka. Ufa mdogo naukarabati kwa nyuzi za kioo na resini, gundi inayokauka na kuwa ngumu, upande wa nyuma. Kibao kilichokwisha kabisa napendelea kukibadilisha kwa Kydex, aina ya plastiki ngumu, au kwa bati jembamba la alumini lililovikwa kitambaa, ingawa bati halikubali mikunjo ya kuzunguka madirisha bila kazi kubwa.

KAPTENI: Nyuma ya vibao nimeona pamba ya kioo iliyolowa.

FUNDI: Hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zulia. Inashikilia maji dhidi ya bati la ndege, na kutu ya alumini huanza mahali pasipoonekana na mtu. Itoke yote, bati likaguliwe na kupakwa dawa, kisha tuweke sponji isiyonywa maji, nayo iwe na cheti chake.

KAPTENI: Mwenye ndege anataka ngozi kwenye viti vyote vinne.

FUNDI: Tupime kwanza. Kila kinachotoka kinawekwa kwenye mizani, na kila kinachoingia vilevile, kisha uzito mpya na mahali kilipo kitovu chake, yaani pale ndege inaposawazika, viandikwe kwenye kumbukumbu za ndege. Ngozi ni nzito, na uzito wa viti vya nyuma unakivuta kitovu hicho kuelekea mkiani. Mwambie aweke ngozi mbele, nyuma kitambaa cha rangi hiyohiyo.

KAPTENI: Sasa naweza kuzitoa zile sampuli?

FUNDI: Zitoe, pamoja na vyeti vyake.