Mbegu haijafa, imelala tu

Asalaam aleikum, shikamooni wakubwa zangu. Ntajitahidi nisiwacheleweshe maana lile wingu la baharini silielewi elewi.

Naanza na aibu yangu. Mwaka juzi mwezi wa pili, na joto la Tanga mnalijua, niliatika saladi nyuma ya nyumba pale Chumbageni, namwagilia asubuhi, namwagilia jioni, wiki mbili nzima hakijatoka hata kimoja. Nikabeba pakiti mpaka dukani nikamshushia muuza mbegu maneno mbele ya wateja, we kijana unatuuzia maiti, mwenzangu kanyamaza tu. Kumbe mbegu nzima kabisa! Udongo ukishapita digrii 30 hivi saladi nyingi zinagoma, zinalala zikisubiri ubaridi. Siku hizi nazifunga kwenye kitambaa kibichi, friji siku mbili, ndo nazitia kitaluni magharibi jua likishapoa.

Na kosa la pili nilizifukia kama mahindi, wakati saladi inataka mwanga. Hili lilichunguzwa Marekani, mji wa Beltsville, ripoti ikatoka 1952. Waliloweka mbegu wakazimulika taa nyekundu, zikaota. Wakamulika ile nyekundu ya mbali, ambayo jicho linaiona kwa taabu, zikarudi kulala. Wakawa wanabadilisha, nyekundu, ya mbali, nyekundu, ya mbali, na kila mara mbegu inafuata taa ya mwisho, mi hapo ndo huwa nachoka kabisa! Sasa njooni chini ya mwembe. Majani yananyonya nyekundu yanapitisha ile ya mbali, kambegu kale pale chini kanajua juu yangu kuna mkubwa, nikiota saa hizi ntakula nini, kanajilalia zake.

Mkrismasi, ule mti wa maua mekundu, hauna habari na taa, wenyewe shida ni ganda la mbegu. Maji hayaingii. Hizi mbegu zake mbili pokeeni mzungushe, watoto wasitie mdomoni. Ile kavu ukiigonga mezani inalia kama kokoto. Hii nyingine jana niliikata kidogo kwa neilkata, upande usio na kile kijicho, nikailoweka usiku, ona ilivyovimba, dada bonyeza hapo, ngozi inateleza eeh?

Yule kijana wa dukani nilimrudia na mafungu mawili ya saladi. Kapokea, kayageuza geuza, kaniambia mama zina konokono.