Kuwasha, Kulenga na Kutumia Kifaa cha Setilaiti cha Kubebeka: Simu na Intaneti Pasipo na Minara

Karibuni. Kwenye video hii tunawasha kifaa cha setilaiti cha kubebeka, hiki bapa chenye umbo la kompyuta mpakato iliyofungwa. Tutakielekeza angani, tupige simu, kisha tuunganishe intaneti. Kilichopo mezani ni cha BGAN, mfumo wa simu na intaneti wa kampuni ya setilaiti ya Inmarsat. Mwenye kifaa cha mfumo mwingine atapata mengi ya kumfaa hapa, isipokuwa sehemu ya kulenga: simu ya setilaiti ya Iridium hailengwi popote, maana setilaiti zake 66 zinazunguka dunia kwa kimo cha kama kilomita 780 na daima kuna moja inayopita juu yako. Antena ya Starlink nayo hujitafutia setilaiti yenyewe. Setilaiti ya BGAN imetulia mahali pamoja juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, na wewe ndiye wa kuitafuta.

Kulenga huwatisha watu bure. Ukishazoea ni dakika chache tu. Pesa na muda hupotelea kwenye kompyuta, baada ya muunganisho kukubali, na huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Tuanze na mambo ya kufanywa ukiwa bado mjini. Ingiza kadi ya SIM, washa kifaa, ingiza PIN, na uhakikishe mtoa huduma ameshaiwezesha kadi. Ukikosea PIN mara tatu kadi inajifunga na utadaiwa namba ya kuifungua, iitwayo PUK, kwa hiyo iandike PUK kwenye karatasi na uiweke pamoja na kifaa. Andika pia jina la APN ulilopewa, yaani jina la lango la data la mtoa huduma wako. Halafu ulizia kibali. Nchi kadhaa zinataka leseni kabla kifaa cha setilaiti hakijavuka mpaka. India, kwa mfano, hairuhusu mtu kuingia na simu ya setilaiti ya Thuraya au Iridium bila idhini, na wasafiri wameshawahi kukamatwa kwa hilo. Ujue na jambo hili: kifaa hutuma mtandaoni mahali kilipo kila kinapojisajili. Ukiwa eneo la vita, liweke akilini kabla hujabonyeza kitufe cha kuwasha.

Sasa umeme. Chukulia kifaa kinakula wati 20 kikiwa kinarusha data. Chako angalia kibandiko cha chini. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 20 ina wati-saa 240 kwenye karatasi, lakini betri ya aina hiyo haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo hesabu 120. Hiyo ni saa sita za kazi, na kompyuta hujaihesabu. Ukitumia waya mrefu na mwembamba kutoka kwenye betri, volti zinashuka njiani: kifaa kinawaka vizuri, taa zote sawa, halafu kinazima ghafla pale kinapoanza kurusha, kwa sababu ndipo kinapovuta umeme mwingi. Dalili hiyo watu huidhania ubovu wa kifaa. Fupisha waya au tafuta mnene zaidi. Betri ya ndani ya lithiamu nayo haitakubali kuchajiwa ikiwa imepata joto kali au iko chini ya nyuzi sifuri. Ikikataa kwa joto, ipeleke kivulini, uisubiri; ikikataa kwa baridi, ipeleke mahali penye joto kiasi.

Haya, tuko nje. Hatua ya kwanza ni kuchagua mahali. Tunatafuta anga wazi kuelekea setilaiti. Mawimbi ya BGAN yako kwenye masafa ya kama gigahezi 1.5 na 1.6. Masafa haya mvua haiyasumbui sana, tofauti na madishi ya televisheni, lakini ukuta yanaukubali shingo upande na mti wenye majani mabichi ni adui mkubwa. Usifanyie kazi hii dirishani pia: vioo vingi vya majengo ya kisasa vimepakwa utando wa chuma usiouona kwa macho. Kaa mbali na gari kwa hatua tano au zaidi, kwa sababu chuma chake kinaipotosha dira. Na kama mna simu ya Iridium kambini, msiiweke bega kwa bega na kifaa hiki. Masafa yake yanapakana na ya kifaa na yanaweza kukikoroga.

Hatua ya pili, washa, ukilaze bapa, uso ukitazama juu, na usubiri GPS. Hapa ndipo wenye haraka wanapoharibu. Kifaa kinahitaji kujua kilipo kabla ya kuruhusiwa kujisajili, na GPS inataka kuona anga pana, si kipande cha upande mmoja. Kwa kawaida ni dakika mbili tatu. Ukiwa umesafiri kwa ndege mbali sana tangu kilipowashwa mara ya mwisho, inaweza kuchukua zaidi, kwa sababu kumbukumbu yake ya zamani inaifanya itafute setilaiti za GPS zisizoonekana hapo. Kiache. Ukikizima na kukiwasha tena unaanza upya.

Hatua ya tatu, kulenga. GPS ikishapatikana, skrini inakupa namba mbili: uelekeo kwa dira, na mwinuko kutoka kwenye upeo wa macho. Setilaiti za BGAN ziko juu ya ikweta kwenye longitudo za karibu nyuzi 98 magharibi, 25 mashariki, 64 mashariki na 143.5 mashariki. Ukiwa juu ya ikweta, nyuzi 20 kando ya setilaiti, mwinuko ni kama nyuzi 66, yaani kifaa kimelala karibu chali. Ukiwa latitudo ya 60, hata setilaiti ikiwa kwenye longitudo yako ileile, mwinuko unashuka hadi kama nyuzi 22, na hapo kilima kidogo au paa la jirani vinatosha kukuziba. Kwa hiyo kabla hujalaumu kifaa, chuchumaa nyuma yake, utazame mstari kinaoutazama. Unaona nini?

Tazama mkono wangu hapa. Kwanza nazungusha kifaa kizima mpaka dira ikubaliane na namba ya uelekeo. Kisha nainua uso taratibu. Sikiliza mlio: unaongezeka kasi kadiri tunavyokaribia. Nikipata sehemu nzuri siishii hapo, napita kidogo mbele mpaka mlio upungue, narudi nyuma mpaka upungue tena, kisha natulia katikati. Nafanya hivyo kulia na kushoto, halafu juu na chini. Namba ya nguvu ya mawimbi kwenye skrini mara nyingi huwa kati ya 40 na 60. Usiifukuzie namba ya mtu mwingine, tafuta kubwa kuliko zote mahali ulipo. Ukiridhika, weka jiwe au mfuko wa mchanga nyuma ya mguu ili upepo usikisogeze, kisha bonyeza kitufe cha kuondoka kwenye kulenga. Ndipo kifaa kinapojisajili, na mara nyingi utaona namba inapanda yenyewe, kwa kuwa kimehamishiwa kwenye mwale mwembamba unaolenga eneo lako. Haikuwa bahati, ndivyo mfumo ulivyo.

Kuanzia sasa mtu yeyote asikae mbele ya antena. Acha angalau mita moja, au zaidi kama kitabu cha kifaa kinasema hivyo. Ni kwa ajili ya afya, na pia kwa sababu mwili wa mtu una maji mengi na unaziba mawimbi vizuri sana. Malalamiko mengi ya mtandao kukatika kila baada ya dakika kadhaa yanaishia kwenye njia ya watu iliyopita mbele ya kifaa.

Simu sasa, na haitatuchukua muda. Chomeka simu ya kawaida ya waya, au tumia programu ya kifaa kwenye simu ya mkononi kupitia Wi-Fi. Piga 00, msimbo wa nchi, namba yenyewe, halafu alama ya reli (#) ili itoke mara moja. Unaanza na msimbo wa nchi hata kama unampigia mtu aliye kilomita 10 kutoka ulipo. Namba za dharura nazo ziandike kwa ukamilifu wake, usizitegemee zile fupi. Anayekupigia wewe atapiga +870 na kuendelea, na gharama itakuwa upande wake, kwa hiyo mwonye mapema. Kwenye mazungumzo, sauti inapanda na kushuka zaidi ya kilomita 71,000 kabla ya kumfikia mwenzako, na jibu lake linarudi njia hiyohiyo. Ni zaidi ya nusu sekunde ya ukimya. Ukijaza ukimya huo kwa "haloo, haloo", mtaingiliana mpaka mwisho. Sema neno lako, malizia kwa "nimemaliza", nyamaza.

Sasa kazi yenyewe: intaneti. Kabla ya kuunganisha kebo, tufungue kompyuta tukiwa hatuna mtandao kabisa. Zima masasisho ya mfumo. Zima hifadhi za mtandaoni, zile zinazopakia picha na nyaraka zenyewe. Zima masasisho ya programu ya kuzuia virusi. Funga kivinjari, kwa sababu kikifunguka kinarudisha kurasa zote 20 ulizoziacha jana. Tia alama kwamba muunganisho huu unalipiwa kwa kipimo. Hata baada ya hapo usiiamini kompyuta: weka fayawoli, programu ya kuchuja kinachoingia na kutoka, inayokataa kila kitu, kisha ruhusu programu moja unayoihitaji, tuseme ya barua pepe. Ni dakika 10 za usumbufu, na hakuna dakika 10 nyingine zenye faida kama hizi katika kazi yote hii. Simu za mkononi ni mbaya zaidi. Kwa hiyo badilisha nenosiri la Wi-Fi la kiwandani, au bora zaidi zima Wi-Fi kabisa utumie kebo. Simu moja ya rafiki ikishajiunga, inaanza kupakia picha za wiki nzima bila yeye kujua, na bili inakuja kwako.

Chomeka kebo, fungua ukurasa wa kifaa kwa anwani iliyoandikwa kwenye kitabu chake, hakikisha APN, na sasa uchague aina ya muunganisho. Kuna wa kawaida, mnaogawana na watumiaji wengine, unaolipiwa kwa megabaiti, na kasi yake ya juu kabisa ni kilobiti 492 kwa sekunde. Na kuna wa mkondo maalumu, wenye kasi uliyotengewa, mathalani kilobiti 128, unaolipiwa kwa dakika, utume usitume. Kwa barua na faili tumia wa kawaida. Mkondo ni wa matangazo ya moja kwa moja, ambapo sauti au picha haiwezi kusubiri. Na hesabu yake ni hii: dakika moja ya kilobiti 128 inabeba chini kidogo ya megabaiti moja kila upande. Kama bei ya dakika ni kubwa kuliko bei ya megabaiti, basi mkondo ni ghali hata ukiujaza pomoni, na hakuna anayeujaza pomoni. Ulipie pale tu unapohitaji uhakika wa kasi.

Weka matarajio yako sawa. Ukipata kilobiti 250, faili ya megabaiti 10 inachukua zaidi ya dakika tano. Picha ya simu ya megabaiti 5, ukiipunguza iwe na upana wa pikseli 1,200, kwa kawaida inashuka hadi kilobaiti mia chache na bado inasomeka. Faili kubwa zikate vipande, au tumia programu inayoendelea pale ilipoishia, kwa sababu kiambatisho cha barua kikikatika kwenye asilimia 95 kinaanza upya, na zile 95 utazilipia. VPN, ile njia ya siri ya kuingia mtandao wa kazini, nayo inaongeza mzigo wake kwenye kila pakiti ya data, na inaficha data isiguswe na mbinu za kupunguza athari za ule ucheleweshaji wa safari ya kwenda setilaiti na kurudi. Kazini wakikulazimisha kuitumia, iwashe wakati wa kutuma tu.

Yakikwama, fuata mpangilio. Hakuna GPS: anga ni finyu, sogea. GPS ipo ila hakijisajili: kadi haijawezeshwa, au umelenga setilaiti ambayo mkataba wako hauigusi. Kimejisajili ila data inakataa: APN. Data imekubali, kurasa hazifunguki: kompyuta imebaki na anwani ya mtandao au proksi (kompyuta ya kati ya kupitishia intaneti) ya ofisini, irudishe kwenye kujipatia anwani yenyewe. Kinazima chenyewe mchana wa jua kali: joto. Kifunike kwa kitambaa chepesi, cheupe, kikavu, mawimbi yanapita. Kikilowa yanapungua, na turubai la rangi ya fedha usiliguse.

Ukimaliza, kata muunganisho wa data kwenye ukurasa wa kifaa kwanza, si kwa kuchomoa kebo, kwa sababu kebo ikichomoka mkondo unaweza kubaki wazi na dakika zinahesabika. Soma kaunta ya megabaiti, iandike pamoja na tarehe, uilinganishe na bili ikija. Zima, subiri taa zizimike zote, ndipo ukunje. Kikikaa miezi bila kazi, toa betri ikiwa na chaji nusu, na umuulize mtoa huduma kadi isiyotumika hufungwa baada ya muda gani.