Alteneta kubwa kwenye Land Cruiser ya watalii: tuanze na waya

Karibuni ndugu watazamaji. Gari la leo ni Land Cruiser ya safari, injini 1HZ, na mwenyewe ameshanunua betri mbili kwa sababu kila asubuhi kambini gari haliwaki. Kabla hujamlaumu muuza betri, chukua kalamu tupige hesabu.

Inveta, kifaa kinachobadili umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ya kuchajia kamera za wageni ni wati 600. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 50, na kwa kuwa inveta nayo inapoteza umeme kidogo, andika 55. Friji 5, taa za mbele 10, feni ya kabini na redio koli 15. Jumla 85. Sasa soma kibandiko cha alteneta yake, ile mashine inayozungushwa na injini kutengeneza umeme wa gari: 80. Na hizo 80 hutoka injini ikizunguka kwa kasi. Ukiwa kwenye foleni ya geti bila kukanyaga mafuta, hupati hata zote. Kinachopungua kinachotwa kwenye betri.

Tunaweka ya ampea 130. Lakini tazama waya huu wa kiwandani unaotoka kwenye alteneta. Uliwekwa kwa ajili ya ampea 80. Ukifunga alteneta kubwa ukauacha peke yake, ndio utakaopata moto, na hapa uko jirani na mabomba ya dizeli. Magari yanaungua hivyo. Kwa hiyo waya kwanza.

Vua pete na saa. Zima kila kitu, kisha fungua kichwa cha hasi cha betri, spana namba 10. Hasi ndiyo ya kwanza, na wakati wa kurudisha iwe ya mwisho. Bodi nzima ya gari ni hasi; ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umeme wote wa betri unapita kwenye spana. Sogeza kamera hapa kidoleni. Kovu hili ni la pete, mwaka wangu wa kwanza gereji, na nilikuwa na haraka tu. Kama gari lina betri mbili, fungua hasi za zote mbili, na hakikisha kama mfumo ni wa volti 12 au 24, maana 1HZ zipo za aina zote.

Nunua waya wa shaba wa milimita za mraba 35. Ukwangue ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, urudishe dukani. Lagi, yaani vichwa vya chuma vya kwenye ncha za waya, zibanwe kwa mashine ya kubania. Nyundo haibani sawasawa, na kiungo kilicholegea ndicho kinachopata joto.

Pitisha waya wa kwanza kutoka alteneta hadi chanya ya betri, mbali na ekzosi, ndani ya bomba la plastiki. Weka fyuzi ya 150 karibu kabisa na betri, isizidi sentimita 20, kwa sababu waya ukichubuka njiani, betri ndiyo itakayoumwagia umeme. Waya wa zamani uache na fyuzi yake. Wa pili ni hasi ya betri hadi bodi, wa tatu injini hadi bodi. Hapo kwenye bodi piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza bolti, paka grisi juu. Hizi ethi, yaani waya za kurudishia umeme, watu huzisahau, na umeme unaokwenda lazima urudi.

Sasa alteneta yenyewe. Legeza mkanda, toa bolti. Nyuma yake kuna pampu ya vakyumu yenye mipira ya oili; hii ndiyo inayosaidia breki. Alteneta mpya isiyo na pampu hiyo usiifunge, hata uuziwe bei ya bure. Ziba mipira isiingie mchanga, tia oili kidogo kwenye pampu mpya, badilisha washa, vile vipete vya kuzuia oili isivuje. Kaza mkanda mpaka ukibonyeza kwa dole gumba ushuke kama sentimita 1.

Rudisha hasi. Mita isome karibu volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Washa: 13.8 hadi 14.4. Washa vyote, inveta, friji, taa, kanyaga mafuta kidogo, na isishuke chini ya 13.5. Usichomoe betri injini ikiwa inazunguka ili “kupima kama inachaji”. Umeme unaruka ghafla na kuunguza vifaa.

Bado hatujatoka gereji. Zima injini, pampu breki mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie na mguu, washa. Pedali ikizama kidogo, vakyumu inafanya kazi. Ikibaki ngumu, gari halitoki: kesho lina mteremko wa kushuka kreta ya Ngorongoro, na ndani wamekaa watu saba.