Gari la Baba Chini ya Turubai

SAUDA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo Khamisi kaja na mikono myeusi, msimshangae. Ni oili.

KHAMISI: Nimesugua kwa sabuni mara tatu, haitoki. Hamjambo lakini?

SAUDA: Hatujambo. Haya, tuambie umerithi nini.

KHAMISI: Gari la marehemu baba. Limelala chini ya turubai miaka tisa. Ndugu zangu walitaka liuzwe kama chuma chakavu, nikawaomba waniachie. Tukaandikiana, tukabadilisha na jina kwenye kadi, kabla sijagusa hata nati moja.

SAUDA: Hapo ulicheza vizuri. Maana likishang'aa kwa hela zako, kila mtu anakumbuka kuwa ni la baba.

KHAMISI: (anacheka) Unawajua watu wewe! Kosa lilikuja baadaye. Safari yake ya kwanza kabisa nililipeleka kwa mpiga rangi.

SAUDA: Na gari haliwaki?

KHAMISI: Lilivutwa kwa kamba, dada. Nilitaka nilione kama nilivyokuwa naliona utotoni. Likang'aa miezi minne. Wa tano nikaona kipele chini ya mlango. Nikakibonyeza kwa ukucha, rangi ikapasuka, ndani unga mwekundu. Walikuwa wamepaka puti, ule uji mzito wa kujazia mashimo ya bodi, juu ya kutu.

SAUDA: Pole. Mimi siku hizi natembea na sumaku ndogo. Unaifunga kitambaa laini isikwaruze, unaipitisha polepole kwenye bodi. Mahali inapoacha kushika, ujue umefikia puti nene. Kama bodi yenyewe ni ya bati, lakini. Kwenye fiba sumaku haina kazi.

KHAMISI: Ningekuwa nayo siku ile! Ndiyo maana nasema, kama mfuko umebana, rangi iwe ya mwisho. Anza na kinacholisimamisha gari, ndipo uende kwa kinacholitembeza.

SAUDA: Yaani breki kabla ya injini? Wengi hukimbilia ufunguo.

KHAMISI: Breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hata gari likiwa limelala, na unyevu huo unaleta kutu ndani ya silinda za breki. Fungua uangalie. Ukuta wa ndani ukiwa bado laini, unabadilisha mipira yake tu, silinda inabaki ileile. Ukiwa na vishimo, usibahatishe, nunua mpya. Tairi nazo zinadanganya. Ubavuni tafuta namba nne za mwisho: 2314 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi langu la akiba lilikuwa na namba tatu.

SAUDA: Tatu? Hilo ni la kabla ya mwaka 2000!

KHAMISI: Na meno yake yote yapo. Baba alilitunza kama yai.

SAUDA: Haya, ufunguo sasa.

KHAMISI: Usiuguse. Nilitoa plagi zote, nikamimina oili kama kijiko kimoja kila silinda ya injini, nikaacha siku tatu. Halafu nikashika spana, nikaiweka kwenye nati ya puli kubwa ya mbele ya injini, nikazungusha kwa mkono. Haikusogea. Nikaongeza oili, nikaenda kulala. Kesho yake ikatoa mlio kama mtu anayepiga mwayo, ikazunguka. Ningelazimisha kwa starta, pete za pistoni zingevunjika, na hapo ni kufungua injini nzima.

SAUDA: Petroli je?

KHAMISI: Ilinuka kama vanishi! Nilimwaga yote, nikasafisha tangi. Kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, niliambiwa imekufa, ninunue nyingine. Nikaifungua mwenyewe, kumbe vitundu vyake vimezibwa na gundi ya petroli kuukuu. Niliiloweka kwenye dawa ya kusafishia, nikapuliza upepo. Ila usizibue kwa waya, kitundu kikitanuka kidogo tu gari linakula mafuta.

SAUDA: Kwa hiyo uliokoa zaidi wapi?

KHAMISI: Kwenye kazi chafu. Kung'oa viti, kusugua kwa msasa, kuosha mafuta ya miaka yote hiyo, hizo ni saa za fundi ambazo sikuzilipia. Boliti na bawaba nilizilaza kwenye siki usiku mmoja, asubuhi nikazisuuza, nikazikausha na kuzipaka oili papo hapo. Ukizembea saa moja kutu inarudi. Fundi nilimlipa kuchomelea sakafu, basi.

SAUDA: Mimi ningenunua gari jingine bovu la aina hiyohiyo, nilichinje. Taa, vioo, vitasa, vyote unavyo.

KHAMISI: Ukiwa na pa kuliweka. Jirani zangu wamechoka na hili moja tu.

SAUDA: Sawa, na mipira ya breki usichukue ya kwenye gari bovu hata kwa bure. Nakuuliza la mwisho: kiti cha dereva umekishona?

KHAMISI: Hapana. Kimebonyea upande wa kushoto, alivyokuwa anakaa. Hicho sikigusi.

SAUDA: Na redio?

KHAMISI: Redio ilikufa tangu yeye yuko hai. Alikuwa anaimba mwenyewe.