Sheria Moja kwa Anga Lote la Ulaya: Imembadilishia Nini Rubani Binafsi?

Mabibi na mabwana, hamjambo.

Sheria za anga zikitajwa, wengi wetu hufikiria ndege kubwa za abiria. Leo namzungumzia mwingine kabisa: anayerusha ndege ya viti vinne siku ya Jumamosi, kwa pesa yake, bila kulipwa na mtu.

Huko nyuma kila nchi ya Ulaya ilikuwa na utaratibu wake. Mchukueni rubani anayetoka kusini mwa Uingereza kwenda Uholanzi, dira ikisoma digrii 70. Ili ndege zisigongane, kimo hupangwa kufuata uelekeo wa dira. Waingereza waliigawa dira robo nne, kila robo na vimo vyake, kwa hiyo kimo chake kilikuwa futi 5,000. Ng'ambo wanaigawa nusu mbili, na anayeruka kwa kutazama nje anatakiwa awe futi 5,500. Basi njiani, juu ya bahari, inambidi apande. Kanuni za pamoja za mwaka 2012, zinazoitwa SERA, ndizo zilizoondoa tofauti hiyo. Uingereza iliziacha robo zake mwaka 2015.

Mwaka huohuo wa 2012 zikaanza kutumika kanuni mpya za leseni. Leseni ya Ureno ikawa halali Finland bila muhuri mwingine. Ikaja pia LAPL, leseni ya ndege nyepesi: mafunzo ya saa 30 badala ya 45 za leseni ya kawaida ya rubani binafsi, ndege isiyozidi kilo 2,000, abiria watatu. Baadhi ya nchi huruhusu hata daktari wa familia atoe cheti cha afya. Naiunga mkono kwa moyo wote, maana imewafungulia mlango watu wa kipato cha kawaida. Ila haifikii viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa hiyo ukifika nayo Nairobi au Arusha haikutoshi.

Palipouma ni kwenye matengenezo. Makaratasi yaliyobuniwa kwa mashirika ya ndege alitwishwa mwenye kindege cha injini moja, na mpango wake wa matengenezo ulihitaji idhini. Nafuu ilianza mwaka 2015 kwa ndege nyepesi zaidi; ya kweli ilikuja Machi 2020, kwa Part-ML, kanuni za matengenezo ya ndege ndogo: sasa mwenye ndege anaweza kuutangaza mpango huo mwenyewe na kuubeba wajibu wake. Haikuwa haki kumsubirisha miaka yote hiyo.

Kwa wenzetu wenye leseni binafsi za Kenya au Tanzania mnaohamia Ulaya: haibadilishwi dirishani. Mnahitaji saa 100 za kuruka, mitihani ya sheria za anga na uwezo wa binadamu, jaribio la kurusha ndege, na cheti cha afya cha daraja la pili.

Nasi Afrika Mashariki tunaunganisha kanuni zetu kupitia CASSOA, wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, pale Entebbe. Ombi langu kwa wanaoziandika: mkifika sura ya matengenezo, mwiteni mezani mwenye ndege ndogo kabla hamjaipitisha.