Hazel na Alice: Sauti Mbili Mbele ya Bendi

Ndugu wasikilizaji, ahsanteni kwa kufika. Leo nina albamu moja tu ya muziki wa bluegrass ya kuwazungumzia: Who's That Knocking?, iliyotoka Marekani mwaka 1965. Waimbaji wake ni Hazel Dickens na Alice Gerrard.

Kwa wasioijua bluegrass: ni banjo, fidla, mandolini, gitaa na besi, vyote bila umeme, mwendo wa kasi, na sauti za juu zilizokazwa. Bill Monroe na bendi yake ndio walioupa muziki huu umbo lake miaka ya 1940. Wanawake walikuwamo, tusiwasahau. Sally Ann Forrester alipiga kodiani kwa Monroe, na Bessie Lee Mauldin akaja kupiga besi. Lakini mwanamke kusimama mbele, bendi ikamfuata yeye? Hilo lilikuwa nadra mno.

Hazel alizaliwa West Virginia, kwenye machimbo ya makaa ya mawe, katika familia ya watoto 11. Akahamia Baltimore, akafanya kazi viwandani. Alice alikulia California na kusoma chuo kikuu. Maisha yao hayakufanana hata kidogo. Waliunganishwa na watu waliokusanyika kupiga muziki majumbani huko Baltimore na Washington.

Sasa zisikilizeni sauti zenyewe. Alice anashika sauti kuu, Hazel anaipandia juu kwa sauti kali, kavu, isiyo na pambo. Wengine wangetaka wanawake wazilainishe nyimbo hizi. Wao hawakulainisha chochote, na kwangu huo ndio ukubwa wa albamu hii. Alice anapiga gitaa, Hazel besi. Banjo ni ya Lamar Grier, mandolini ya David Grisman aliyekuwa bado kijana. Na fidla? Chubby Wise! Mpiga fidla wa Monroe wa miaka ile ya 1940, sasa anawapigia wanawake wawili. Naomba mlipime jambo hilo.

Nyimbo nyingine walizorekodi miaka hiyo zilikaa hadi 1973 ndipo zikatolewa. Baadaye Hazel alitunga nyimbo za kuwatetea wachimba makaa, baada ya kumpoteza kaka yake kwa ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi la migodini.

Wote wawili waliingizwa katika jumba la heshima la bluegrass mwaka 2017. Hazel alikuwa ameshafariki tangu 2011. Nasema wazi: walicheleweshwa mno.