Ndugu Yako Mgonjwa Aliyeko Marekani na Sababu ya Kutokaa Hadi Arobaini

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo nazungumza na nyinyi mlioko nyumbani, hasa wenye ndugu huku Marekani anayeumwa au mwenye ulemavu na anaishi kwa fedha ya serikali. Kuna lawama naisikia kila mara: mama amefariki, kaka kaja, kazika, arobaini haijafika kashapanda ndege. "Kawa Mzungu huyo." Jamani, hapana. Nisikilizeni.

Hela ya ulemavu huku ni mafungu mawili, na hata sisi tunaoishi huku tunayachanganya. La kwanza ni SSDI. Hilo ni jasho lako mwenyewe: kila mshahara unakatwa asilimia 6.2 ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya serikali, na 1.45 ya Medicare, bima ya afya ya serikali kuu, na ukipata ulemavu wa kukuondoa kazini ukiwa umechangia muda wa kutosha, unalipwa. Unasubiri miezi mitano kamili malipo yaanze, kisha miezi 24 mingine ndipo bima ya Medicare ifunguke. Mtu kapooza leo, bima hiyo ataiona baada ya miaka miwili na zaidi!

La pili ni SSI, fungu la asiye na kitu. Hawaulizi umechangia nini, wanauliza una nini. Mwaka huu wa 2026 kiwango cha juu cha serikali kuu ni dola 994 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Lakini kwenye majimbo mengi, ukipata SSI unapata na Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, na hiyo ndiyo watu wanayoilinda kwa machozi. Ndiyo inayolipa dawa za kifafa, kiti cha magurudumu, na mtu wa kuja nyumbani kumwogesha mgonjwa.

Sasa sikieni sheria. Mwenye SSI akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo, malipo yanasimama. Akirudi hayafunguki hapo hapo. Lazima kwanza akae ndani ya nchi siku 30 mfululizo. Yakisimama miezi 12, anaomba upya tangu mwanzo. Arobaini ni siku 40, hesabu mnaiona wenyewe. Huko nyumbani Medicaid haimlipii hata panadol, na huku anaweza kukuta nayo imekatika. Mwenye SSDI ni tofauti: akiwa raia wa Marekani anaweza kukaa Tanga hata mwaka na hela ikaingia, ila Medicare yake kwa kawaida haitibu mtu nje ya Marekani. Kwa hiyo kabla hamjamlaumu, muulizeni anapokea fungu lipi.

Jambo linaloniuma zaidi ni la mali. Mwenye SSI haruhusiwi kuwa na zaidi ya dola 2,000, na mume na mke dola 3,000. Viwango hivyo havijapandishwa tangu mwaka 1989. Nasema wazi, ni ukatili, kwa sababu vinamzuia mgonjwa kuweka hata akiba ya dharura. Nyumba anayoishi haihesabiwi, wala gari moja. Lakini kile kiwanja cha Kibaha mlichomwandikisha kwa mapenzi yenu, kama anaweza kukiuza, kinahesabiwa, hata kama hajawahi kukikanyaga. Na akikigawa bure ili aonekane hana kitu, anaweza kufungiwa malipo ya SSI hadi miezi 36. Tafadhalini, msiweke jina lake kwenye hati bila kumuuliza.

Na michango! Msiba ukitokea, watu wanasema fulani hayuko kazini, ana nafasi, tumtumie yeye akusanye. Hesabu ya SSI inaangalia alichonacho mwezi unapoanza. Hela ya rambirambi ikilala kwenye akaunti yake usiku wa kuamkia tarehe mosi, ataonekana ni tajiri, na itabidi athibitishe kwa karatasi kwamba si yake. Akishindwa, anadaiwa arudishe malipo ya mwezi huo. Mweka hazina awe mtu mwingine.

Kwa ndugu zetu wa Kongo waliokuja kama wakimbizi, kuna saa nyingine inayohesabu: mkimbizi anapata SSI kwa miaka saba tu, isipokuwa akipata uraia au akiwa na sifa nyingine inayokubalika. Mzee ambaye ugonjwa wake unamzuia kujifunza Kiingereza asikate tamaa ya uraia. Ipo fomu N-648 inayojazwa na daktari, na ikikubaliwa anasamehewa mtihani wa lugha na wa uraia.

La mwisho, barua. Ndugu yako akikwambia kapata barua ya Social Security na anaogopa kuifungua, mwambie aifungue leo. Ana siku 60 za kukata rufaa. Lakini ikiwa wanasema ulemavu wake umekwisha, akikata rufaa na kuomba malipo yasikatwe ndani ya siku 10, anaweza kuendelea kulipwa huku rufaa inasikilizwa, ingawa akishindwa wanaweza kumdai. Nimeona watu wakisubiri mtoto arudi chuoni awasomee, na siku kumi zikapita. Kama hajui kusoma Kiingereza, ofisi zao zinatoa mkalimani wa Kiswahili bure. Apige simu aseme neno moja tu: "Swahili."